Pasipoti ya Mama: shajara ya safari kutoka milima ya Lushoto hadi Tanga mjini

Naandika hapa jinsi tunavyoshughulikia pasipoti ya mama yangu. Ana miaka 68, ni mkulima wa viazi na maharage, hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwakani, Mungu akipenda, anakwenda Hija. Kijiji chetu kiko juu ya Mlalo, wilaya ya Lushoto. Pasipoti tunaifuata ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Tanga mjini. Nitaongeza kila hatua inapokamilika, pamoja na pesa zilizotoka na makosa tuliyofanya. Maelezo mengi niliyoyasoma yameandikwa kana kwamba kila mtu ana cheti kabatini na mtandao nyumbani. Nataka mwenye mzazi kijijini apate kitu cha kufuata.

2 Septemba 2024: Vinavyotakiwa

Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, maombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha mwombaji anakwenda mwenyewe ofisini na fomu iliyochapishwa. Ada ni shilingi 150,000: 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu. Kitabu kinadumu miaka 10.

Viambatisho ni namba au kitambulisho cha Taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi wake mmoja, picha yenye rangi ya bluu mpauko kwa nyuma, na uthibitisho wa safari. Uthibitisho tunao, kundi la hija limetuandikia barua. Wanataka nakala ya pasipoti kabla ya tarehe 31 Januari 2025. Tuna miezi mitano kasoro siku chache, na nilidhani ni mingi.

Mama ana kitambulisho cha NIDA na kadi ya mpiga kura. Cheti cha kuzaliwa hana. Cha baba yake, marehemu babu, hakuna mtu aliyewahi hata kukifikiria.

14 Septemba: Jaribio la kwanza limekufa

Nilianza na fomu. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine. Niliona fomu ni jambo dogo, nimalize hilo huku cheti kikitafutwa.

Nilishuka Lushoto, nikaingia steshenari moja, kijana akanijazia kila kitu kwa dakika 20. Alitumia baruapepe yake, namba yake ya simu na neno la siri alilolijua yeye. Sikuuliza. Tarehe ya kuzaliwa ya Mama nilimtajia kwa kichwa: 1956, siku na mwezi nikabahatisha. Nikalipa 20,000 ya fomu na 5,000 ya kazi yake, nikarudi na karatasi nimezikunja vizuri kwenye bahasha.

Nyumbani nilipozilinganisha na kitambulisho, tarehe haikufanana. Wiki iliyofuata nilirudi kurekebisha, kijana alikwisha hamia Arusha, na simu yake haipatikani. Akaunti ni yake, siwezi kuifungua. Fomu ile imekufa na 20,000 yake.

Ukimpeleka mzazi wako steshenari, mfungulie kwanza baruapepe yake au utumie yako, na namba ya simu iwe ya kwenu. Namba ya ombi iandike kwenye daftari, usiiache kwenye simu peke yake.

Gharama: fomu 20,000, steshenari 5,000, nauli 10,000. Jumla 35,000.

28 Septemba: Jina lipi, tarehe ipi

Leo tulikaa kikao cha familia, kwa sababu niligundua mama yangu ana majina mawili. Kwenye NIDA ameandikwa Zaina. Kwenye kadi ya mpiga kura ni Zainabu, na kwenye daftari la VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, ni Zainabu vilevile. Kijijini wote wanamwita mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa hiyo jambo hili halikuwahi kumsumbua yeyote.

Mwenye NIDA aitazame namba yake vizuri. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ya Mama inaanza na 19560701. Siku aliyozaliwa haijui. Wakati wa kuandikishwa alisema mwaka na kwamba ilikuwa kiangazi, baada ya maharage kuvunwa, ikaandikwa Julai mosi.

Mjomba, kaka yake mkubwa aliyezaliwa 1948, alithibitisha mwaka. Anakumbuka alikwisha anza kuchunga mbuzi na siku hiyo alizuiwa asiingie ndani. Kwa tarehe tukakubaliana upesi, tunafuata NIDA.

Jina lilituchukua jioni nzima. Mama alisema, "Zainabu ndilo alilonipa baba yangu. Zaina ni la mtu aliyekuwa na haraka ya kuandika." Nami naamini anasema kweli. Njia ilikuwa mbili: kuomba NIDA warekebishe kwanza, halafu tuendelee, au nyaraka zote mpya zifuate Zaina, na ndani ya kiapo itajwe wazi kuwa Zaina na Zainabu ni mtu mmoja. Ya kwanza ni ya haki zaidi kwake. Ya pili inatufikisha Januari. Mjomba alinigeukia, "Mjomba, wewe ndiye unayezijua ofisi, amua." Sikutaka kuamua jina la mama yangu. Akaamua mwenyewe: "Mwenyezi Mungu ananijua kwa yote mawili. Andikeni la safari." Marekebisho ya NIDA tutayafanya akirudi, nimemwahidi.

21 Oktoba: Barua ya mtendaji

Barua ya utambulisho huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Ya kitongoji ilipatikana siku hiyohiyo. Kwa mtendaji nilifika mara tatu. Kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba kulikuwa na uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na yeye alikuwa anazunguka vituoni. Siwezi kumlaumu. Ila nami ningetazama kalenda ya serikali kabla ya kupanda mlima mara tatu.

Leo ameiandika. Nilimpa jina na namba ya NIDA vimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, akanakili kutoka hapo. Nilijifunza kwa ile fomu iliyokufa: usimtajie mtu jina kwa mdomo.

29 Oktoba: Viapo, na tarakimu mbili zilizogeuka

Tulishuka Lushoto watatu, Mama, Mjomba na mimi. Viapo ni viwili. Katika cha kwanza Mjomba anaapa kwamba anajua kuzaliwa kwa Mama, na kwamba anaitwa pia Zainabu. Katika cha pili anaapa kuhusu kuzaliwa kwa baba yao, yaani babu yangu. Anayeapa awe mkubwa kwa umri kuliko anayeapiwa au awe anaijua habari hiyo kwa undani, na awe na kitambulisho. Kwa bahati Mjomba bado ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi.

Wakili alituchaji 15,000 kwa kila kiapo. Vilichapwa, Mjomba akatia saini, mhuri ukagongwa, tukaenda kula. Gari lilikuwa limeshapita Magamba nilipovisoma kwa utulivu. Kiapo cha Mama kilisema amezaliwa 1965. Tarakimu zimegeuka. Kwa kiapo hicho Mama angekuwa mdogo kwa miaka tisa, na mdogo wake wa mwisho angekuwa mkubwa kwake.

Hatukuweza kurudi siku hiyo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, udongo ulikuwa umeporomoka sehemu ya barabara, na dereva hakutaka giza limkute njiani. Tarehe 4 Novemba nilimchukua tena Mjomba, mwenye umri wa miaka 76, bodaboda kisha Noah, kwenda kutia saini moja. Wakili aliomba radhi na hakutoza kitu. Lakini magoti ya Mjomba ndiyo yaliyolipa, na hilo liliniuma kuliko nauli.

Sasa tunafanya hivi: kabla ya mhuri kugongwa, mtu mmoja anasoma kiapo kwa sauti, mwingine ameshika kitambulisho na kufuata kwa kidole, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Tumefanya hivyo hadi mwisho, hata kwenye stakabadhi.

Gharama: viapo 30,000, nauli ya watatu 30,000, chakula 9,000. Kurudia: nauli 20,000.

26 Novemba: Cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka 68

Vyeti vya kuzaliwa ni kazi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, lakini huku kwetu huhitaji kwenda Dar es Salaam. Usajili hufanyika ofisi ya mkuu wa wilaya, na maombi huingizwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni, eRITA. Tulipeleka kiapo, barua ya mtendaji, kitambulisho cha NIDA na kadi ya mpiga kura.

Msajili alituuliza kama kuna karatasi yoyote ya zamani yenye jina lake. Kwa mtu aliyezaliwa hospitali kungekuwa na kadi ya kliniki. Kwa aliyesoma, kuna cheti cha shule. Nilikuwa naanza kusema hatuna, Mama akanigusa mkono. Akafungua kanga aliyofungia vitu vyake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa ya kahawia kwenye mikunjo: cheti chake cha kisomo cha elimu ya watu wazima, cha mwaka 1975. Sikuwahi kukiona maisha yangu yote. Alijifunza kusoma akiwa na mtoto mgongoni, chini ya mti karibu na ghala la kijiji, na akakitunza kile cheti kwa karibu miaka 50.

Kimeandikwa Zainabu. Hapo ndipo ile sentensi ya majina mawili kwenye kiapo ilipofanya kazi yake. Msajili alisoma cheti, akasoma kiapo, akakubali. Tungeiacha ile sentensi, karatasi hiyo hiyo ingetukwamisha.

Cheti kimetoka leo. Nimekikagua palepale dirishani kabla ya kusaini daftari.

Gharama za hatua hii yote, ada, nauli za safari mbili na nakala: 52,000.

30 Novemba: Picha

Kosa dogo. Mpiga picha aliweka bluu mpauko nyuma kama inavyotakiwa. Mama alikuwa amevaa ushungi wake mzuri, nao ni wa bluu mpauko. Picha ikatoka uso unaelea, kichwa hakina mwisho. Ukingo wa ushungi nao ulitupa kivuli kwenye paji la uso. Tukarudia kesho yake kwa ushungi mweusi, umevutwa nyuma kidogo, uso wote wazi. Omba na nakala ya picha kwenye simu au flashi, utaihitaji kupakia.

Gharama: 4,000 mara mbili.

4 Desemba: Fomu ya pili

Safari hii nimejaza mwenyewe kwa kompyuta mpakato ya shuleni ninapofundisha. Mtandao kwetu unashika vizuri nyuma ya msikiti, na vizuri zaidi baada ya saa nne usiku. Nilikaa pale kwenye kibaraza, Mama amejifunika blanketi pembeni, nikimsomea kila swali naye akijibu. Viambatisho vyote nilikuwa nimeviskani mapema Lushoto na kuvipunguza ukubwa, kwa hiyo kupakia hakukusumbua. Nikapata kontroli namba, yaani namba ya malipo, nikalipa 20,000 kwa simu, nikahifadhi fomu. Nimeichapisha mjini siku iliyofuata.

Saini ilitaka mazoezi. Mama anaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizotulia, lakini kisanduku ni kidogo. Alichora visanduku kwenye daftari la mjukuu wake, akajaza kurasa mbili za Zaina. Alipopata moja iliyokaa ndani bila kugusa mstari, akasema lete fomu sasa hivi.

Gharama: 20,000, makato na kuchapisha 3,000.

12 na 13 Desemba: Tanga

Basi linaondoka Mlalo saa kumi alfajiri. Lushoto, Soni, Mombo, Segera, Muheza, na saa tano kasoro tuko Tanga, joto limetupokea kama ukuta. Mama alikuwa amevaa sweta.

Ukaguzi wa nyaraka ulikwenda vizuri. Leta halisi na nakala za kila kitu, zimepangwa kwa mpangilio wa fomu. Kisha mahojiano. Afisa alimuuliza alizaliwa wapi, wazazi walitoka wapi, alisoma wapi, mwenyekiti wa kijiji ni nani. Hapa ni lazima nieleze: tarehe 27 Novemba tulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, na baadhi ya viongozi wamebadilika. Mama alimtaja wa sasa, akamtaja na aliyepita. Nilikuwa nimetaka kumfundisha majibu usiku wa kuamkia safari. Nashukuru sikufanya hivyo. Aliyasema maisha yake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imetulia.

Kisha tukafika kwenye alama za vidole.

Aliwekewa vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo. Mwanga ukawaka chini yake. Kwenye kompyuta vikatokea vivuli vinne, vyeupe katikati, karibu bila mstari wowote. Afisa akafuta kioo, akajaribu tena. Akampa kitambaa chenye unyevu. Akambonyezea kidole kimoja kimoja kwa mkono wake. Mara sita. Kidole gumba cha kulia kina ufa wa zamani wa kisu cha kumenyea viazi, kimekatika alama katikati. Vingine vimelainika kama jiwe la mtoni.

"Bibi, unalima?"

"Tangu niweze kushika jembe, mwanangu."

Afisa hakumharakisha hata kidogo, na ninamshukuru. Alisema turudi asubuhi. Usiku vidole vipakwe mafuta, visishike sabuni ya unga wala maji ya chumvi, na asubuhi vifutwe vikauke.

Hatukuwa tumepanga kulala. Tulipata gesti ya 20,000. Niliomba maji ya uvuguvugu kwenye beseni, Mama akatumbukiza mikono kwa robo saa, nikaikausha, nikaipaka mafuta ya mgando kidole kwa kidole, halafu nikamvalisha soksi safi mikononi. Alikuwa kimya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Vidole vyangu vimeisha." Nikamwambia havijaisha, vimesomesha watoto watano. Alilala. Mimi nilibaki nimekaa, nikifikiria ni wazee wangapi wa milimani kwetu wataambiwa na kioo kile kwamba hawana alama.

Asubuhi, saa mbili na nusu, jaribio la pili likashika mkono wa kulia. La tatu likashika wa kushoto, isipokuwa kidole cha mwisho, ambacho afisa alikiandikia maelezo. Kidole gumba chenye ufa alikigeuza kidogo pembeni, mistari ikaonekana. Nikalipa 130,000, tukapewa stakabadhi.

Mwenye mzazi mkulima aanze kumpaka mafuta wiki nzima kabla, na siku mbili za mwisho asipalilie wala kufua. Tungelijua hilo, tungerudi nyumbani siku ileile.

Gharama: ada 130,000, nauli ya wawili kwenda na kurudi 60,000, gesti 20,000, chakula na mafuta na soksi 22,000, nakala 1,000. Jumla 233,000.

14 Januari 2025: Imetoka

Tuliambiwa mwombaji afike mwenyewe, kwa hiyo tumekwenda wote wawili tena. Nauli 60,000, chakula 10,000. Dirishani tumefanya kama tulivyozoea: mimi nikasoma kwa sauti, Mama akafuata na kidole juu ya kitambulisho. Jina sawa. 01 Julai 1956 sawa. Mahali pa kuzaliwa sawa. Ndipo akasaini.

Ndani ya basi aliomba nimfungulie ukurasa wenye picha. Aliutazama kutoka Muheza mpaka Segera.

18 Januari: Hesabu

Nakala imefika kwa kundi la hija leo, siku 13 kabla ya mwisho. Kinachofuata ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo ni lazima kwa mahujaji, na taratibu za viza ambazo kundi linazishughulikia.

Jumla tuliyotumia ni shilingi 510,000. Ada halali ya pasipoti ni 150,000 kati ya hizo. Makosa yetu, yaani fomu iliyokufa, kiapo kilichorudiwa, picha ya kwanza na usiku wa Tanga pamoja na chakula chake, yametula 91,000. Zilizobaki karibu zote ni nauli na karatasi, na hizo huwezi kuzikwepa ukiwa unaishi huku juu, labda siku alama za vidole zitakapochukuliwa wilayani.

Mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza leo: kitambulisho cha NIDA mezani kwanza na kila karatasi ifuate hicho, kisha barua ya mtendaji, viapo viwili, cheti cha kuzaliwa, picha, na fomu ya mtandaoni mwisho kabisa.

Jana Mjomba amepanda kuja kuiona. Ameishika kwa mikono miwili, ameisoma jalada lake lote, halafu akaniuliza Umra inataka nini. Nimemwomba alete kitambulisho chake. Amezoea kuandika jina lake kwa herufi H katikati, na kwenye NIDA haipo. Jumamosi ijayo tunakaa, na nimeshamwambia aanze kupaka mafuta.